Shahada Si Mwisho wa Safari: Kijana Wetu na Kazi ya Umeme

Kila mwaka, nyumba zetu za Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu hupokea vijana waliohitimu uhandisi. Biriani hupikwa, dua husomwa, na jamaa huanza kumwita kijana "Injinia". Baada ya miezi michache maswali nayo huanza: mbona hajaajiriwa? Mbona bado aomba nauli kwa mamake? Tumeona vyema tuwaeleze wazazi safari hii ilivyo, kwani subira ya mwenye kujua ni nyepesi kuliko ya asiyejua.

Kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mwenye shahada husajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kwa daraja la mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa wahandisi waliobobea kwa muda usiopungua miaka 3, akiweka kumbukumbu ya kazi zake, ndipo atahiniwe apate daraja la mhandisi kamili. Sisi watu wa pwani hatuoni ajabu katika jambo hili. Mwanagenzi wa jahazi huanza kwa kutia kalafati. Hapewi kulaza mkuku siku ya kwanza. Hivyo, mzazi anayemlipia mwana karo leo aulize mapema kama Bodi inaitambua shahada ya chuo hicho. Swali hilo likichelewa hadi siku ya mahafali, huwa ni msiba.

Kazi yenyewe iko wapi? Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Marsabit kuna mitambo 365 ya upepo, na Garissa kuna shamba kubwa la umeme wa jua. Hapa kwetu kuna mitambo ya Kipevu inayotumia mafuta, na kituo cha Rabai ambako nyaya za msongo mkubwa huelekea bara. Mhitimu afikapo hupewa kofia ngumu na daftari. Hupima joto na msukumo, husoma michoro, na hufunzwa kanuni iliyo mbele ya zote: mashine haiguswi mpaka umeme ukatwe na swichi itiwe kufuli. Huko uaminifu ni uhai wa watu. Aandikaye kipimo ambacho hakukipima aweza kumuua mwenziwe.

Sasa twasema na wazazi wa mabinti. Mara nyingi mlango wa binti hufungwa nyumbani kabla mwajiri hajaufungua. Akiitwa Olkaria au Garissa, huambiwa, "Mbali huko, kaa." Hofu ya mzazi twaiheshimu, lakini hofu hujibiwa kwa maswali. Atalala wapi, na nani? Zamu za usiku zina usafiri? Pana mahali pa kuswali? Baba au kaka na afuatane naye akajionee, kisha familia ishauriane. Kuhusu stara, ovaroli pana na mtandio uliobana, uliochomekwa chini ya kofia, hutosheleza haja. Nguo inayoning'inia karibu na mashine izungukayo ni hatari, na kuilinda nafsi ni wajibu.

Liko na jambo linalotuuma. Tumeshuhudia mzee akiuza sehemu ya shamba lake la minazi ili "kumwona mtu" aliyeahidi kazi kwa mwanawe. Kazi haikuja, na minazi haikurudi. Rushwa ni haramu kwa mpaji na mpokeaji, na riziki iliyofunguliwa kwa ufunguo huo haina baraka. Anayeuza nafasi ya kazi, aghalabu hana nafasi ya kuuza.

Katika muda wa kungoja, kijana asikae barazani. Na aombe mafunzo ya kazini hata kama posho ni ndogo, na ajifunze kuchora kwa kompyuta. Umeme wa jua nao una soko katika majumba, misikiti na mahoteli yetu, mradi apate kwanza leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Nyumba nayo imchangie nauli bila masimango, wala isimlinganishe na binamu aliyekwenda Ghuba.

Tukumbuke pia kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza miaka ya 1940 kikiitwa MIOME, taasisi iliyojengwa ili vijana wa Kiislamu wapate elimu ya ufundi, na wanafunzi wa mwanzo wakaingia mwaka 1951. Waliochangia hawakungoja faida ya mwezi wa pili. Nasi tukimpa mwana miaka yake 3 ya uanagenzi kwa moyo mkunjufu, inshallah tutapata mhandisi wa kutegemewa na jamii nzima.