Tom Wills, Mwasisi wa Mpira wa Australia

Kwa kawaida, kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Septemba, watu wapatao 100,000 hufurika katika uwanja mkuu wa kriketi wa mji wa Melbourne, nchini Australia, kutazama fainali ya mchezo usiochezwa sana kwingineko duniani. Mchezo huo si kandanda kama ijulikanavyo katika Afrika Mashariki, wala si raga. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani. Uwanja wenyewe una umbo la yai, na mpira vile vile. Mchezaji ana ruhusa ya kuudaka mpira, kuupiga teke, na hata kukimbia nao mkononi, mradi audundishe chini mara kwa mara.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Miongoni mwa waliouunda mchezo huo, jina litajwalo kwanza ni la Thomas Wentworth Wills.

Wills alizaliwa tarehe 19 Agosti, 1835, katika koloni la New South Wales. Babu yake aliletwa Australia kutoka Uingereza akiwa mfungwa, kwa kosa la unyang'anyi wa njiani. Lakini baba yake, Horatio Wills, alikuwa mfugaji mwenye mali nyingi. Mwaka 1840 jamaa hiyo ilihamia magharibi ya Victoria, katika nchi ya wenyeji asilia waitwao Djab Wurrung. Watoto wa Kizungu walikuwa wachache huko, kwa hiyo Tom alicheza na watoto wa wenyeji, akaijua lugha yao na nyimbo zao. Wapo wasemao kwamba mpira wa Australia una asili katika michezo aliyoiona huko utotoni. Wanahistoria wengine hukanusha, wakisema hapana hati ithibitishayo jambo hilo. Mjadala huo haujakwisha.

Mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 14, alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Rugby. Huko aling'ara zaidi katika michezo kuliko vitabu, akawa nahodha wa timu ya kriketi ya shule. Aliporudi Victoria mwezi wa Desemba, 1856, hakuchukua muda kuwa mchezaji mashuhuri kuliko wote katika koloni hilo.

Kriketi ni mchezo wa kiangazi, na Wills aliona kwamba wachezaji walegeapo wakati wa baridi, miili yao huharibika. Basi tarehe 10 Julai, 1858, gazeti moja la michezo la Melbourne lilichapisha barua yake, akishauri iundwe klabu ya mpira na kamati ya kutunga sheria zake. Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo, yeye na John Macadam walikuwa waamuzi wa mchezo baina ya shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar. Kila upande ulileta wachezaji 40. Mchezo ulirudiwa kwa siku nyingine mbili, na hatimaye kila upande ukawa na bao moja tu.

Tarehe 17 Mei, 1859, Wills na wenzake wachache wa klabu ya Melbourne walikutana wakaandika sheria kumi. Hizo ndizo msingi wa mchezo hadi leo.

Lakini jaha haimkingi mtu na msiba. Mwaka 1861, Tom alimfuata baba yake katika safari ya karibu miezi minane, wakiswaga maelfu ya kondoo mpaka Queensland, mahali paitwapo Cullin-la-ringo. Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, na tayari damu ilikuwa imekwisha kumwagika baina yao na walowezi. Tarehe 17 Oktoba wenyeji waliishambulia kambi, wakawaua watu 19, akiwamo mzee Horatio. Tom alinusurika kwa kuwa alikuwa ametumwa kuleta vyakula. Baada ya hapo polisi na walowezi walilipiza kisasi, wakawaua wenyeji wengi zaidi. Hata Tom mwenyewe, katika barua zake za siku hizo, alitaka kisasi.

Kwa hiyo wengi walistaajabu miaka mitano baadaye. Mwaka 1866 Wills alikubali kuifundisha timu ya kriketi ya wenyeji asilia wa magharibi ya Victoria. Tarehe 26 Desemba aliiongoza katika uwanja wa Melbourne, mbele ya watazamaji zaidi ya 10,000. Baadhi ya wachezaji hao walisafiri Uingereza mwaka 1868, wakawa timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kuzuru huko. Wakati huo, hata hivyo, Wills hakuwa tena kiongozi wao.

Yeye alikuwa amekwisha kuanza kuzama katika ulevi. Tangu msiba wa Queensland usingizi wake ulivurugika kwa hofu, na chupa ikawa ndiyo dawa yake. Fedha zikamwishia, marafiki wakapungua, na jamaa zake wakaona haya kumtaja. Tarehe 2 Mei, 1880, siku moja baada ya kutoroka hospitali, alijiua nyumbani kwake Heidelberg, akiwa amepagawa kwa sababu ya kuikosa pombe aliyoizoea. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa katika kaburi lisilo na alama yoyote.

Ilipita miaka 100 kabla ya kaburi hilo kuwekewa jiwe la heshima, mwaka 1980. Leo sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa Melbourne, ikimwonyesha akiwa mwamuzi wa ule mchezo wa mwaka 1858.

Siku zake hapakuwa na daktari wa kulitambua jeraha la moyo wa mtu aliyeona mauti. Leo wapo. Askari arudipo kutoka vitani au kazi ya hatari akawa halali usiku, hushtuka ovyo na kuitafuta pombe kila jioni, mke wake, wazazi wake na wakubwa wake wasimcheke wala kumwonea haya. Wamshike mkono wampeleke kwa mganga mapema, angali na nguvu za kusikia.