Laptopu Ina Paswedi, Lakini Mafaili Yako Wazi

Leo tuongelee hiyo laptopu unayomwachia jirani ukienda kupeleka mzigo stendi.

Wengi tunaamini ukishaweka paswedi umemaliza. Paswedi ya Windows inamzuia mtu anayepita mlangoni tu. Kama diski haijasimbwa, mtu anachomeka flashi yenye Linux, anawasha mashine kupitia hiyo flashi, na anaona kila kitu: namba za wateja, oda, hesabu, picha za bidhaa. Au anafungua skrubu, anachomoa diski anaipachika kwenye kompyuta nyingine. Paswedi yako hata haiulizwi. Mafundi wanaijua sana hii, maana ndivyo wanavyookoa mafaili mashine ikigoma kuwaka.

Dawa ni kusimba diski, yaani kila kilichomo kinavurugwa kisisomeke bila ufunguo. Windows Pro ina BitLocker, Mac ina FileVault, na hulipii cha ziada. Kama una Windows Home, ingia Settings utafute "Device encryption". Isipotokea, mashine yako haina.

Ukiwasha BitLocker kuna namba ya dharura yenye tarakimu 48. Iandike kwenye karatasi, ikae nyumbani. Usiiweke kwenye laptopu hiyohiyo, utakuwa umefungia funguo ndani. Na usiipoteze, kwa sababu siku Windows ikiidai hata fundi hana la kukusaidia.

Sasa hapa ndipo watu wanapochanganya. Laptopu uliyoifunika tu imelala, haijazima, na ufunguo wa diski bado umo kwenye RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kuwa RAM ikikatiwa umeme haisahau papo hapo, na ikipozwa inakumbuka kwa dakika kadhaa. Wakachota funguo humo. Mwaka 2016 Mmarekani Samy Kamkar akaonyesha PoisonTap, kikompyuta cha dola 5 hivi. Unakichomeka kwenye USB ya mashine iliyofungwa kioo huku brauza imeachwa wazi, kinajifanya ni mtandao, kinaiba vidakuzi vya tovuti zisizo na https. Vidakuzi ndivyo vinavyofanya usiulizwe paswedi kila ukifungua akaunti.

Sidhani kibaka wa Kariakoo anatembea na hicho kidude. Ila kinga yake ni bure: ukitoka dukani, zima kabisa, usifunike tu. Ukienda msalani mara moja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, na usiache mtu usiyemjua akae na mashine peke yake.

Ikiibiwa, kabla hujakimbilia polisi shika simu yako. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, itoe hiyo laptopu. Halafu badilisha paswedi ya barua pepe, kisha ya Instagram. Barua pepe iwe ya kwanza, maana ndiyo inayotumika kubadilishia zingine zote.