Kabati la Jikoni na Maji ya Deki

Kabati la jikoni huanza kuharibika chini, pale maji ya deki yanapofika kila siku. Ubao wa MDF huyanywa kupitia kingo zisizozibwa, ukavimba, skrubu za bawaba zikalegea na mlango ukaning'inia. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, unyevu wa hewa huzidisha balaa. Mbao ya mninga hudumu, ingawa bei yake inauma. Plaiwudi inayostahimili maji yatosha. MDF ibaki kwenye makabati ya ukutani, yenye kina cha sentimita 30 hivi. Ya chini, ya sentimita 60, yajengewe msingi wa zege wenye vigae. Penye mtungi wa gesi yatobolewe matundu chini kabisa, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni.