Makaa ya Mawe Yavunjwayo kwa Mkono

Wasomaji wetu wengi wanayajua makaa ya miti, kwani ni masoko machache katika Kenya yasiyokuwa na magunia yake. Lakini yako makaa mengine ambayo hayatoki katika tanuri la mchomaji, bali huchimbwa ardhini. Hayo ni makaa ya mawe. Zamani za kale, mamilioni ya miaka iliyopita, yalikuwa miti na majani yaliyozama katika matope. Yakafunikwa na udongo, yakashindiliwa kwa uzito na joto, hata yakageuka kuwa mawe meusi yawezayo kuwaka. Leo twataka kueleza jinsi watu wa nchi moja yenye baridi kali walivyojifunza kuyatumia nyumbani, maana katika habari yao limo fundisho la kumfaa kila mwenye jiko.

Nchi hiyo ni upande wa kaskazini-mashariki wa jimbo la Pennsylvania, katika Marekani. Huko, tangu Desemba hata Machi, theluji huanguka, na maji yaliyomo katika mabomba ya nyumba isiyo na moto huweza kuganda na kuyapasua. Kwa hiyo moto wa nyumbani si anasa, ni uhai. Chini ya vilima vya huko mna makaa ya namna iitwayo antrasiti, nayo ni magumu, yenye kung'aa, na moshi wake ni mchache sana.

Hapo kwanza watu wengi waliyadharau. Wahunzi waliweza kuyawasha kwa kuyavuvia kwa mivukuto, lakini mtu aliyeyaweka mekoni kama kuni aliona yamekataa kushika moto. Tarehe 11 Februari 1808, Bwana Jesse Fell wa mji wa Wilkes-Barre aliyaweka juu ya fito za chuma zilizoinuliwa, ili hewa ipite chini yake. Yakawaka vizuri pasipo kuvuviwa. Siri yake ilikuwa hiyo tu: moto wa makaa haya hula hewa kutoka chini.

Tangu hapo biashara ya antrasiti ilikua sana, na mwaka 1917 zilichimbwa karibu tani milioni 100. Baadaye mafuta na gesi vilianza kuchukua mahali pake. Ilipofika miaka ya 1930, wakati wa shida kuu ya fedha duniani, makampuni yalifunga migodi mingi, na maelfu ya wachimbaji wakakosa kazi. Watu hao walikuwa wamekaa juu ya makaa, na nyumba zao zilikuwa baridi. Basi wakaanza kuchimba mashimo yao wenyewe katika ardhi ya makampuni, bila ruhusa. Kwanza kwa ajili ya meko yao, kisha na kwa kuuza. Kwa sheria huo ulikuwa wizi. Hata hivyo waliposhtakiwa, mara nyingi wazee wa baraza la mahakama, ambao walikuwa majirani zao, walikataa kuwatia hatiani.

Mgodi wa namna hiyo ulikuwa kazi ya watu wawili au watatu. Walishuka katika shimo jembamba wakiwa na sululu, kabari na baruti, wakategemeza dari kwa nguzo za miti iliyokatwa msituni. Makaa yalipandishwa kwa ndoo na kamba, na mara nyingi kamba hiyo ilivutwa kwa injini ya motokaa kuukuu. Kazi ilikuwa ya hatari, na wako wengi waliofukiwa na dari zilizoanguka.

Makaa yakifika juu huwa mabonge makubwa, mengine mazito kuliko mtu awezavyo kuinua. Ndipo nyundo ilipofanya kazi yake. Mvunjaji hupiga bonge katika mistari yake, kwani makaa hupasuka kwa urahisi penye ufa. Kisha vipande hutiwa katika chekecheke, na mawe yasiyowaka huokotwa kwa mkono. Mawe hayo hujulikana kwa kuwa mazito zaidi na kutong'aa. Wenyeji wameupa ukubwa mwingi jina la chakula: yai, kokwa, njegere, mchele, shayiri. Kipande cha ukubwa wa kokwa, chenye upana wa inchi moja hivi, ndicho kinachopendwa kwa majiko mengi ya nyumbani.

Msomaji ataweza kuuliza, kwa nini kujisumbua hivyo? Sababu ni hewa. Bonge kubwa halishiki moto upesi, maana uso wake ni mdogo ukilinganishwa na uzito wake. Na vumbi likizidi huziba nafasi zote, hewa isipite. Lakini vipande vilivyo sawasawa huacha njia ndogo ndogo katikati yake, na hewa hupanda kwa utaratibu. Mwenye kuvunja vizuri huota moto vizuri.

Kuwasha nako kuna desturi yake. Kwanza huwashwa karatasi na kuni kavu, kisha makaa machache, na yakisha kuwa mekundu huongezwa mengine. Wakati wa kuongeza, sehemu ya makaa mekundu huachwa wazi, ili hewa inayotoka katika makaa mapya ishike moto mara moja. Isiposhika huweza kujikusanya jikoni na kulipuka kwa kishindo. Ndimi za moto zikionekana za samawati, ni dalili kwamba mambo ni mema. Makaa haya hayachokolewi kutoka juu kama kuni. Badala yake fito za chini hutikiswa mpaka majivu yaanguke na wekundu uonekane kwa chini. Mtu akifanya hivyo asubuhi na jioni, jiko laweza kukaa bila kuzimika majira yote ya baridi. Majivu hutiwa katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, maana yaweza kuficha kaa la moto.

Sasa tumefika penye jambo kubwa. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kupita oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi na hali kifua chapanda na kushuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ndiyo maana nyumba za Pennsylvania zina dohani ndefu ya kuitoa nje, na dohani hiyo husafishwa kila mwaka kabla ya baridi kuanza.

Sumu hiyo hiyo imo katika jiko letu la makaa ya miti. Tofauti ni kwamba jiko letu halina dohani. Wakati wa baridi ya Julai katika Limuru au Kinangop, na hata katika vyumba vidogo vya Nairobi, wako watu waingizao jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Wengine hawakuamka. Kukosekana kwa moshi si ushahidi wa usalama, kwani moto mwekundu usio na moshi hutoa sumu vilevile.

Basi otea jiko lako nje, au penye mlango na dirisha wazi, na kabla ya kulala litoe nje kabisa. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, usikawie kuuliza: fungua milango, mtoe kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali upesi. Mchimbaji wa Pennsylvania alijifunza kuupa moto njia mbili, ya hewa kuingia na ya sumu kutoka. Nasi tusiunyime moto wetu njia hizo, kwani majuto ni mjukuu.