Maji Meupe, Ndoo Yenye Utelezi: Jinsi Bakteria Anavyohisi Njia Yake



Katika vikao vya kamati za maji huku Msata kuna swali linalorudi kila tunapofungua bajeti. Kisima kimeshachimbwa, pampu inafanya kazi, maji ukiyatazama kwenye glasi ni meupe. Kwa nini basi tuendelee kutenga fedha za klorini na ndoo zenye mifuniko na koki? Safari hii swali limekuja kwa uzito, kwa kuwa fedha hazitoshi na ipo hoja ya kulihamishia fungu hilo kwenye tangi. Tangi linaonekana. Mfadhili akija hupiga picha mbele yake, na sisi pia, tuseme kweli, tunazipenda picha hizo. Klorini haina cha kupigwa picha. Tumeona tujibu kwa kumweleza adui mwenyewe, maana wengi wetu tunamdhania kuwa ni kama vumbi, linalokaa pale lilipoangukia.

Majibu ya maabara yanaporudi, wanakamati hukutana na jina E. coli. Huyu ni bakteria anayeishi matumboni mwa watu na wanyama, na akionekana kwenye maji ni dalili kwamba kinyesi kimeingia. Ndiye pia aliyewafundisha wanasayansi jinsi bakteria wanavyotembea. Mwaka 1972 Howard Berg na mwenzake Douglas Brown, huko Marekani, walitoa taarifa ya kazi waliyoifanya kwa hadubini iliyoweza kumfuata bakteria mmoja mmoja akiogelea. Walikuta kwamba huenda mbele kwa kama sekunde moja, kisha hujipindua kidogo, kisha huenda tena upande mwingine wowote.

Bakteria ana mikia myembamba, na kila mkia una mota yake kwenye shina. Mota hiyo huzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, karibu sawa na injini ya bodaboda inapovutwa mafuta. Mikia ikizunguka upande mmoja hujikusanya kama msokoto wa kamba na kumsukuma mbele. Mota ikigeuza mzunguko, msokoto unafumuka na bakteria anapinduka.

Sasa anajuaje pa kwenda? Hana macho wala ubongo, na mwili wake ni mfupi mno kuweza kulinganisha vizuri ladha ya maji mbele na nyuma yake. Anachofanya ni kulinganisha sasa na punde iliyopita. Fikirini abiria aliyeshuka usiku njia panda ya Msata, umeme umekatika, naye anatafuta nyama choma kwa pua. Anapiga hatua chache. Harufu ikizidi anaendelea, ikipungua anageuka, hata bila kujua upande ulio sahihi. Bakteria hufanya vivyo hivyo: chakula kikizidi anachelewa kupinduka, kikipungua au sumu ikizidi anapinduka mapema. Kumbukumbu yake ni ya sekunde chache tu, lakini inamtosha kufika.

Bakteria wa kipindupindu ana mkia mmoja tu, na ni mwepesi zaidi. Mota yake huendeshwa na chembe za sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi, jambo linalomfaa kiumbe ambaye makazi yake ya asili ni midomo ya mito, maji ya mto yanapokutana na bahari. Huko hujishika kwenye maganda ya vijidudu vidogo vya majini, jamaa wa kamba na kaa. Akimezwa na mtu, wengi wao hufa kwa asidi ya tumbo. Wanaopenya hukutana na nyongo na joto la mwili, wakatambua kwamba wamebadilisha makazi. Huogelea hadi kwenye ute wa utumbo, hujishika, na kutoa sumu inayomfanya mgonjwa aharishe maji. Wakishakuwa wengi huhisiana kwa kemikali wanazotoa, wakaachia ukuta wa utumbo na kutoka nje. Kwa saa kadhaa baada ya kutoka wana uwezo mkubwa zaidi wa kuambukiza kuliko wale waliokaa majini siku nyingi. Mwenye kufua shuka za mgonjwa karibu na kisima anapaswa kulijua hilo.

Hata hivyo tusimpe sifa asizostahili. Kama angeogelea moja kwa moja bila kugeuka, angekwenda kiasi cha sentimita 20 kwa saa. Safari ndefu tunampa sisi. Mwaka 1869 kipindupindu kilipita bara, nchi ya Wamaasai, kikashuka Pangani na kuingia Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliifuatilia njia hiyo na kutoa kitabu mwaka 1876. Mwaka 2015 mlipuko ulianza Dar es Salaam mwezi Agosti, na hadi Aprili 2016 wagonjwa nchini walikuwa wamepita 20,000. Msata ni mahali barabara ya kutoka Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera. Hatuhitaji kueleza zaidi.

Turudi kwenye ndoo. Pitisha kidole ndani ya dumu la lita 20 lililotumika miezi sita bila kusuguliwa, utakuta utelezi. Huo ni mji wa bakteria. Wameogelea hadi ukutani, wakajishika, wakajifunika utando walioutengeneza wenyewe, na klorini hupata taabu kuupenya. Maji yaliyotoka safi kwenye pampu asubuhi yanaweza kuchafukia humo, au kwenye kikombe kinachochovywa na kila mkono. Kwa hiyo kipimo cha kisimani hakisemi lolote juu ya maji ya kunywa jioni.

Maji ya lambo, ambayo baadhi ya kaya huyategemea kiangazi, yana shida yake. Tope huimaliza klorini kabla haijafika kwa bakteria. Yachujwe kwanza. Utafiti wa Bangladesh uliotolewa mwaka 2003, ukiongozwa na Rita Colwell, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka 4 au zaidi kulipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu. Kitambaa kilikamata vile vijidudu ambavyo bakteria hujishika navyo. Khanga iliyochakaa inaweza kutumika vivyo hivyo, lakini bakteria anayeogelea peke yake hupita, ndiyo maana baada ya kuchuja bado inabidi kutia klorini au kuchemsha hadi maji yatokote.

Kwa sababu hizo tumependekeza kwamba fungu la klorini na ndoo libaki katika robo mwaka ijayo, na tangi lisubiri. Tumeongeza pia brashi za mpini mrefu, zinazofika kwenye kitako cha dumu. Mahali zisipopatikana, mchanga mkavu na maji kidogo vikitikiswa kwa nguvu ndani ya dumu huondoa utelezi, kisha dumu lisuuzwe kwa maji yenye klorini.