Je, Wajua? Koo lisilo na kikohozi
Mtoto anayevuka na kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza mjini huku koo likimuuma, akikohoa na kutoka makamasi, kwa kawaida ana virusi. Amoksilini ya dukani haitamsaidia. Wa kuangaliwa zaidi ni yule asiyekohoa: homa imempanda ghafla, tezi za shingo zimevimba na zinauma, mafindofindo yana usaha mweupe. Huyo huenda ana bakteria waitwao streptokoka, ingawa kipimo cha ute wa koo ndicho huthibitisha. Mpelekeni zahanati mapema, tafadhali. Wasipotibiwa, bakteria hao waweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo yaweza kuharibu vali za moyo maisha yote. Penisilini ya kumeza hutolewa kwa siku 10, hata koo likipoa siku ya tatu.