Seli za moyo za maabara, na vidonge vyako

  

Mama mmoja mgonjwa wa moyo ametuuliza swali. Kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akiuza unga, anasema una seli shina zinazojenga moyo mpya. Ili kuununua, mama itabidi auze mafuta yote ya mgao. Anauliza: nikiunywa, naweza kuacha vidonge?

Jibu ni hapana. Sikiliza kwa nini.

Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Seli ya ngozi ina kazi yake, ya moyo ina yake. Lakini siku kama tano baada ya yai la mama kurutubishwa, ndani ya kiinitete kuna seli ambazo bado hazina kazi maalumu. Zinaweza kuwa damu, mfupa au moyo. Hizo ndizo seli shina za kiinitete.

Ukijikata, ngozi mpya huota. Moyo sivyo. Mshipa wake ukiziba, misuli hufa, na mahali pake hubaki kovu lisilosukuma damu.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika. Mwaka 1998, James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walikuza seli shina za kiinitete cha binadamu maabarani. Walitumia viinitete vilivyotolewa kwa hiari na watu waliotibiwa ugumba. Wapo wanaopinga jambo hilo kwa imani yao. Mwaka 2001, watafiti wa Haifa, Israeli, walionyesha kwamba seli hizo hugeuka kuwa seli za moyo. Leo huongozwa kwa protini maalumu, kwa zamu, na baada ya wiki moja au mbili zinaanza kudunda zenyewe ndani ya sahani.

Mwaka 2014, watafiti wa Seattle walitangaza kwamba wamewadunga kima seli bilioni moja kila mmoja. Seli zilishika moyoni, lakini mapigo ya moyo yakavurugika kwa muda. Mwaka huohuo mjini Paris, timu ya Philippe Menasché iliweka seli za aina hii kwenye moyo wa mgonjwa, kwa upasuaji.

Umeona? Ni seli hai. Zinatunzwa maabarani na kuwekwa moyoni na madaktari, na bado ni majaribio. Unga mkavu hauna seli hai, na hata ungekuwa nazo, tumbo lingezisaga kama ugali.

Kwa hiyo usiache vidonge vya presha au vya moyo kwa sababu unajisikia vizuri. Presha hupanda kimyakimya. Vikikaribia kuisha, nenda kliniki mapema. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje asubuhi.

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Mafuta yako yabaki jikoni kwako.